Lumbesa, Kimpumu na Driikh

Desemba moja mtoto wa mdogo wangu aliletwa Msanzi kutoka Mbagala, aje kumsalimia bibi yake. Alikuwa na miaka sita. Siku ya pili, jua lilipopanda, akaanza kulia: "Bibi, nataka lambalamba! Niitie lambalamba!" Mama yangu alikuwa anasonga ugali. Mwiko ukasimama ndani ya sufuria. Akatazama mlangoni, akamtazama mtoto, akauliza kwa sauti ya chini: "Nani amekutuma uwaite hao?"

Kwa mtoto wa Dar es Salaam lambalamba ni barafu tamu yenye kijiti, inapita mtaani na baiskeli. Kwetu Rukwa, na kwa majirani zetu wa Songwe na Katavi, lambalamba ni waganga wanaozunguka vijijini kufichua wachawi. Wakiingia kijijini kuku wanatoka, fedha zinatoka, na kikongwe mwenye macho mekundu kwa moshi wa miaka yote halali usiku huo. Mimi nilicheka mpaka nikakaa chini. Mama hakucheka. Alisubiri nimweleze mara mbili, kisha akamwambia mjukuu wake kwamba hapa kwetu barafu hailiwi, inatuamkia yenyewe asubuhi kwenye majani.

Tangu siku ile nimekuwa nayaangalia maneno kama ninavyoangalia maharage: nayamwaga kiganjani, nayachezesha, nasikiliza yanavyolia. Nauza maharage. Nayakusanya Msanzi na vijiji vingine vya Kalambo, nayapeleka Sumbawanga mjini na Tunduma, na mwaka ukiwa mzuri yanafika hadi Dar es Salaam. Biashara hii inataka mdomo kuliko mizani, na kila soko lina maneno yake ambayo mgeni akiyasikia hujikuta anatabasamu kabla hajajua kama anaibiwa.

Chukua lumbesa. Litamke polepole. Mashavu yanavimba kwenye "mbe", halafu "sa" inamwagika pembeni. Na ndivyo lilivyo lenyewe: gunia lililojaa hadi mdomoni, likashonewa kipande juu, likaongezwa tena, likatoka na kichwa kama mtu aliyefunga kilemba. Sheria inataka gunia la mazao lisizidi kilo 100, na Wakala wa Vipimo wanaipiga vita lumbesa kila msimu, ila neno lenyewe hawawezi kulipunguza hata gramu. Nimeumizwa na lumbesa nikiwa mkulima na nimefaidi lumbesa nikiwa mnunuzi, kwa hiyo sijitakasi hapa. Nasema tu kwamba aliyelitunga alikuwa na sikio.

Kuna kisado, ambacho wengi wanakitumia bila kujua kwamba kilianza kama kopo la rangi ya Sadolin la lita 4. Rangi ikaisha, kopo likabaki, jina likakatwa mkia na kupachikwa "ki" mbele, na leo kina mama wasiowahi kupaka ukuta rangi wanauza maharage kwa kisado. Kuna mali kauli, mzigo unaouchukua leo kwa neno la mdomo na kuulipia ukishauza. Nimezungusha mtaji wa mali kauli miaka mingi, na kila ninapolitamka naliona lilivyo tupu: mali upande mmoja, kauli upande wa pili, katikati hakuna kitu.

Ukienda Mtwara na Lindi utakuta kangomba, yaani kununua korosho za mkulima kwa kipimo cha kienyeji, pembeni ya ushirika. Ni magendo, lakini linasikika kama ngoma ya harusi. Kagera wana butura: mkulima anauza kahawa ingali mtini, haijaiva, kwa sababu ada ya shule haisubiri mvua. Butura! Hata kama hujui Kihaya, ukilisikia tu unajua kuna mtu amemezwa.

Sasa niseme habari ya mwanangu. Ni binti wa kaka yangu, kwa hiyo ni wangu. Anafanya kazi Glasgow, Uskoti, katika nyumba ya kutunzia wazee. Ananitumia sauti kwenye simu usiku wa manane kwake, mimi nazisikiliza alfajiri nikichambua mawe kwenye maharage. Siku moja akaja na hii: "Shikamoo shangazi. Leo nimepata neno. Kuna babu mmoja ninayemhudumia, kila nikifungua pazia anasema driikh."

Wao huandika dreich. Mwisho wake ni ile "kh" ya kooni, ambayo mzee wa Unguja huitoa anaposema "kheri" na sisi wa bara tunaibadilisha kuwa "h" kwa uvivu. Maana yake ni siku iliyonuna: mawingu yameshuka, manyunyu hayaishi na hayakati, mwanga ni wa kijivu kuanzia asubuhi hadi jioni, na mtu hana hamu ya kufanya lolote. Niliisikiliza mara tatu. Kisha nikatoka nje. Ilikuwa Julai. Ukungu ulikuwa umekaa juu ya Msanzi, moshi wa jikoni haupandi, mbuzi wamegoma zizini, na jirani yangu anapita amejitanda blanketi mpaka puani. Miaka hamsini nimeishi ndani ya kitu hiki na jina lake lilikuwa Glasgow!

Kiswahili ni lugha yangu ya biashara na ya sala, nakipenda, lakini kwa hali ya hewa kimetuonea. Kilizaliwa pwani kwenye joto, kikapanda kuja kwetu bila sweta. Kina kaskazi na kusi, kina matlai na umande, lakini Mfipa wa kwetu Rukwa anayetetemeka mita 1,800 hivi juu ya usawa wa bahari anaambiwa aseme "baridi" na aridhike. Waskoti hawaridhiki. Mwaka 2015 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Glasgow walipokuwa wakipanga maneno ya Kiskoti kwa mafungu ya maana, walihesabu maneno 421 yanayohusu theluji peke yake. Liko feefle, theluji inapozungukazunguka kwenye kona ya nyumba. Liko flindrikin, manyunyu mepesi ya theluji ambayo hayana madhara. Hebu sema flindrikin. Hata kama theluji umeiona kwenye televisheni tu, ulimi unaruka kama kitoto cha mbuzi.

Kiskoti chenyewe kina hadithi inayofanana na ya lahaja zetu. Ni ndugu wa Kiingereza, wamezaliwa tumbo moja, mmoja akapata ofisi. Kwetu ofisi ilipatikana 1928, pale mkutano wa Mombasa ulipochagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na Kimvita, Kiamu, Kipemba na wenzao wakabaki nyumbani. Sina ugomvi na uamuzi ule. Bila sanifu nisingeweza kupatana bei na Msukuma, Mchaga na Mmakonde ndani ya saa moja. Lakini furaha nayo ina kwao. Waskoti waliamua kuyaokota maneno yao yote, kamusi yao kubwa ilianza kutoka 1931 ikakamilika 1976 ikiwa na majuzuu kumi. Huku kwetu Baraza la Kiswahili la Zanzibar, BAKIZA, wametoa kamusi za Kipemba, Kitumbatu na Kimakunduchi, na anayetaka kucheka vizuri usiku azitafute hizo.

Basi mimi na mwanangu tukaanza kubadilishana. Yeye ananipa la kwao, mimi namlipa la kwetu. Akaleta stramash, ghasia ya watu na miguu. Anasema walimzoea sana nalo mtangazaji wao wa mpira, marehemu Arthur Montford, aliyekuwa akilipaza kila mabeki na washambuliaji walipogombania mpira mbele ya goli. Hapo sikushindwa. Nikampa purukushani, nikamwongezea kizaazaa, tafrani, vurumai, mshikemshike, na nikafunga na patashika nguo kuchanika. Akanyamaza siku mbili. Akarudi na glaikit, mtu anayekodoa macho bila kuelewa kitu. Nikampa zuzu, zezeta, bwege na mbumbumbu. Kwa matusi madogo ya kupendana hakuna wa kutushinda. Hata Waskoti itabidi wakope.

Alinipiga bao kwa jambo moja. Wana neno shoogle, kutikisikatikisika kwa kitu kilicholegea. Mfanyakazi ambaye kazi yake iko hatarini wanasema koti lake limetundikwa kwenye kigingi kinachofanya hivyo. Nilimfikiria kuli mmoja wa sokoni aliyekuwa anachelewa kila siku, nikaona koti lake lilivyokuwa linaning'inia. Sisi tuna kitumbua kuingia mchanga, lakini hapo mchanga umeshaingia. Wao wanakiona kigingi kabla hakijang'oka.

Wakati mwingine tunagundua mzigo ulishafika zamani. Aliniuliza, "Shangazi, unajua skonzi imetoka wapi?" Nikamwambia imetoka tanuri la pale mjini, shilingi chache na chai ya rangi. Kumbe scone ni neno la Kiskoti, na limeandikwa tangu 1513 katika tafsiri ya mshairi Gavin Douglas. Waingereza wakalichukua, Waswahili wakaliwekea "zi" mwishoni lisikwame kooni, na kitu chenyewe kikabadilika kabisa: kule ni kigumu kidogo, kinapasuliwa na kupakwa siagi, huku ni mkate laini wa duara. Babu wa Glasgow alipoambiwa kwamba Sumbawanga watu wanakula skonzi alijibu neno moja, wheesht, ambalo ni "nyamaza" yao. Nasi tungesema jii.

Siyo kila neno lililotoka Uskoti lilikaa. Mwaka 1880 kijana wa kijiji cha Penpont, Joseph Thomson, alifika pembeni ya nchi yetu na kuliona ziwa lililo chini ya ukingo wa mashariki wa Ufipa. Akaliita Leopold. Hakuna mdomo uliolipokea. Sikushangaa, maana lilikuwa halina ladha kwa mtu anayevua hapo. Watu waliendelea kusema Rukwa, na ukingo wenyewe wakaendelea kuuita Lyamba lya Mfipa, jina ambalo ukilisema kwa haraka ulimi unateremka nalo makorongo yote mpaka Muze. Kwa majina ya mahali hatudaiwi na mtu. Kizwite, Kaengesa, Namanyere, Kilyamatundu. Hapa hapa Kalambo tuna kata inaitwa Legezamwendo, na dereva aliyepita huko masika haulizi kwa nini. Sumbawanga yenyewe ni amri: sumba ni tupa, wanga ni uchawi. Mgeni anayekuja kwetu na hofu anakuta bango la mji limeshamwambia auache mlangoni.

Hapo ndipo ninaporudi kwa lambalamba, maana kabla yao kulikuwa na kamchape. Neno hilo wazee wangu walilitamka wakiwa wameinamisha kichwa. Kamchape walikuwa vijana wenye dawa ya kuchanja na ya kunywesha, wakidai wanasafisha kijiji kizima kwa siku moja. Roy Willis, Mwingereza aliyeishi Ufipa miaka ya mwanzo ya 1960 na baadaye akafundisha Chuo Kikuu cha Edinburgh, aliandika makala juu yao mwaka 1968, kwa hiyo neno letu lilifika Uskoti kabla ya mwanangu kupata pasipoti. Utamu wake uko kwenye safari. Miaka ya 1930 walipita watu wa mchape kutoka Nyasa wakienea Ubemba na kwingineko, na kwa Kinyanja kuchapa ni kufua nguo. Basi huko uchawi ulikuwa unafuliwa. Lilipovuka mpaka likakutana na Kiswahili, ambako kuchapa ni viboko, na kila nilipolisikia utotoni nilidhani wachawi wanachapwa. Neno moja, beseni upande ule wa mpaka na fimbo upande huu.

Mipaka inanifurahisha hivyo. Simama Tunduma, tazama rundo la nguo zilizokwisha valiwa Ulaya. Hatua chache upande wa Nakonde ni salaula, neno la Kibemba la kupekuapekua rundo ukichagua. Silabi zenyewe zinapekua. Upande wetu ni mitumba. Wazee wa Dar es Salaam walisema kafa Ulaya, wakimaanisha mwenye koti alishazikwa. Uganda ni mivumba. Rwanda wakachukua "chagua" yetu, wakaiandika caguwa, ikawa jina la nguo zenyewe. Shati ni lile lile. Ningekuwa na muda ningepanda basi soko hadi soko kwa ajili ya kusikia linavyobatizwa tu.

Nami sikio langu la Kifipa kila likisikia mtumba linasikia intumba. Intumba ni vilima vyetu vya shamba. Mvua zikielekea mwisho unachimba udongo na nyasi zake, unaufunika juu chini, nyasi zinabaki tumboni zinaoza. Juu yake unapanda maharage. Msimu unaofuata unakibomoa kilima, unatawanya ile mbolea, unapanda ulezi au mahindi. Uwanda mzima unakuwa na vipele. Wamatengo wa Mbinga wana ngoro zao, mashimo yenye matuta pande zote, na ukimkutanisha Mfipa na Mmatengo hawamalizi kubishana kama ardhi inataka kuinuliwa au kuchimbwa.

Neno hilo liliniponza. Shuleni, darasa la nne, mwalimu aliyetoka mbali aliuliza tunarutubishaje udongo nyumbani. Nikanyoosha mkono, nikasema: "Kwa intumba." Nikavishwa kibao. Kilikuwa kipande cha mbao chenye kamba, mwenye kusema Kifipa anakivaa shingoni mpaka amnase mwenzake, na anayekutwa nacho jioni anachapwa. Jibu lilikuwa sahihi. Sikujua tu jina lake jingine, na sijui kama lipo. Nilikaa nacho hadi saa nane, nikamtegea rafiki yangu, akasema "aii" kwa Kifipa, nikamvisha. Tulipatana baada ya mwezi.

Nilimsimulia mwanangu, yeye akawasimulia wazee wake. Babu wa driikh akanyoosha viganja. Na wao walichapwa kwa kusema Kiskoti darasani. Chombo kilikuwa mkanda wa ngozi uliopasuliwa ncha, na mikanda iliyosifika kwa makali ilitengenezwa mji wa Lochgelly. Unajua mkanda ule ulikuwa unaitwaje? Tawse. Neno la Kiskoti! Mtoto anapigwa asiseme Kiskoti, na kinachompiga kina jina la Kiskoti, na mwalimu analitamka bila kupigwa. Niliposikia hilo nilicheka kuliko siku ya lambalamba, peke yangu, saa kumi na moja alfajiri, maharage mapajani.

Neno ninalolipenda kuliko yote nilimwekea mwisho, kama mtu anavyoficha mfupa wenye nyama. Kimpumu. Ni pombe yetu ya ulezi. Inaletwa kwenye chungu ikiwa nzito, inamiminiwa maji ya moto, watu wanakizunguka kila mmoja na mrija wake, na maji yakipungua yanaongezwa mengine mpaka utamu uishe. Sasa litamke huku umeshika kioo. Kwenye "mp" midomo inafunga. Kwenye "pu" inachongoka, inatoka mbele, inashika mrija. Kwenye "mu" inafunga tena, umemeza. Mtu hawezi kusema kimpumu bila kuinywa. Mimi ni mlokole, sinywi, lakini nalisema.

Alinijibu jioni yake. Alikuwa amewafundisha wazee watano mezani, kila mmoja na kikombe cha chai, wote wanachongoa midomo: kimpumu, kimpumu. Muuguzi wa zamu akaingia akadhani kuna aliyepaliwa. Stramash.

Julai iliyopita nilikuwa nimekaa nyuma ya visado vyangu, vidole vimekufa ganzi. Ukungu ulikuwa haujafunguka tangu juzi yake. Yule kuli wa koti la kuning'inia akaja akajikunyata kando ya jiko langu la mkaa, akatazama juu, akasema kwa kukwangua koo vizuri kabisa: "Mama, leo ni driikh."

Nilikuwa nimelisema mbele yake labda mara mbili.

"Nani amekufundisha?"

"Si ndiyo Kifipa cha Msanzi?" akasema. "Sisi wa Nkasi hatuna hilo."

Sikumsahihisha. Nilimpimia kisado kimoja, nikatia nyongeza ya viganja viwili juu, kikatoka na kilemba.